Nambari Moja, Wagonjwa Arobaini na Saba

Mke wangu husema siku nikifa nitaomba jeneza lifunguliwe kidogo, nione nani amekuja kunizika na nani hakuja. Simpingi. Ukinificha jambo mimi Chengo, hata liwe dogo namna gani, usingizi hauji. Kwa hivyo msinishangae kwa haya niliyoyafanya.

Kazi yangu ni kukaa kwenye dirisha la rekodi katika kitengo cha dharura, ambacho watu wote hukiita kasualti, cha hospitali moja upande huu wetu wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Jina la hospitali silitaji kwa sababu kazi yenyewe bado naitaka. Miaka kumi na saba nimekaa pale, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano mahali hapo palikuwa balaa. Watu walilala juu ya mabenchi na chini ya mabenchi. Mwenye kikohozi alibanana na mwenye mguu uliovunjika, na kila mmoja alikuja na jamaa watano wa kumsindikiza, ambao nao walihitaji mahali pa kukaa. Daktari akitaka kupitisha kitanda cha magurudumu ilikuwa lazima apaze sauti mpaka imkauke.

Ndipo mwaka jana ukaletwa mfumo wa kompyuta. Ukifika, Sista Dorothy anakupima pale pale mlangoni, presha, joto na pumzi, anakuuliza maswali mawili matatu, anabonyeza tableti yake, na mashine inakupa rangi. Ukipata nyekundu unaingia moja kwa moja. Manjano, unakaa benchi. Kijani, unarudi nyumbani kupumzika, na zamu yako ikikaribia unatumiwa ujumbe kwenye simu: fulani, njoo saa fulani. Mimi nilicheka sana. Nilisema watu hawa ukiwarudisha nyumbani na maumivu yao watarudi na mawe mkononi. Lakini mwezi wa pili, nakiri, niliiona sakafu ya ukumbi wetu. Miaka yote hiyo sikujua kuwa ina maua.

Sasa, Jumatano moja Griffin akaniita ofisini kwake. Griffin ndiye fundi wetu wa kompyuta, mtu wa Nakuru, na Kiswahili chake kina haraka kama kinafukuzwa.

"Mzee Chengo, cheki hii," akasema, akaigeuza kompyuta upande wangu.

Ilikuwa orodha ya wagonjwa arobaini na saba wa rangi ya kijani, wote wa wiki tano zilizopita, wote wa Mtopanga, na wote wameandikisha nambari moja ya simu. Kulikuwa na mtoto wa miezi miwili mwenye homa. Kulikuwa na mzee wa miaka themanini na moja anayeumwa mgongo. Mmoja amekanyaga msumari, mwingine sikio linatoa maji, mwingine jino. Ukiisoma ile orodha utadhani kuna mtu mmoja aliyeamua kuugua kila kitu.

"Huyu ni broker," Griffin akasema. "Anauzia watu foleni. Arobaini na saba, namba moja? Hiyo ni kazi ya mtu, mzee."

Na habari ilikuwa imeshamfikia Bwana Mwangi, msimamizi wetu, ambaye hapendi mzaha. Amri yake ilikuwa kwamba Ijumaa saa nne asubuhi nambari hiyo ifungwe, na mwenyewe ashtakiwe kwa chifu. Ikifungwa, mfumo hautaitumia tena ujumbe, na kila aliyeiandikisha atakuwa amepoteza zamu yake bila kujua.

Mimi simtetei dalali. Lakini kuna kitu kilinikera, kwa sababu mimi ndiye ninayewapokea hao wa kijani wakirudi. Nikamwambia Griffin aniangalizie wangapi kati ya hao arobaini na saba walichelewa zamu zao. Akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Hakuna," akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Hapo ndipo roho yangu ilipochemka. Wagonjwa wengine, mmoja katika kila watatu hupitwa. Simu haina chaji, au ujumbe umesomwa jioni, au mtu ameshika njia akakutana na rafiki. Hawa wa Mtopanga wanafika kwa dakika zao, wameoga, kadi mkononi. Nilijiuliza ni dalali gani huyo aliyeweza kuwafundisha watu kushika saa, jambo ambalo limeishinda serikali na makanisa yote.

Nikaipiga ile nambari. Ililia mara moja tu.

"Abee." Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima. Nyuma yake nilisikia mafuta yakilia kwenye karai.

"Napiga kutoka hospitali," nikasema, nisijue niendelee vipi.

"Haya. Nani anaitwa?"

Hakushtuka, wala hakuuliza kuna nini. Alisema vile mtu anavyouliza saa ngapi. Nikakata simu kwa aibu, na siku nzima iliyobaki nilikuwa nikiliwaza lile swali lake.

Alhamisi nilitoka kazini saa nane mchana, nikaenda Mtopanga. Haikuwa shida kumpata. Niliuliza mara moja tu nambari ile ni ya nani, na yule niliyemuuliza akanitazama kama mjinga. "Si kwa mama Nyamvula, pale kituo cha maji!"

Ni banda la mabati matatu, karai moja kubwa, meza ya viazi vilivyochovywa unga na bakuli la ukwaju. Mwenyewe ni mama mwembamba wa miaka sitini na kitu, leso kiunoni, simu inaning'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Ana uso wa mtu asiyependa kupotezewa wakati. Kando yake kuna mfereji, na pale mferejini wauza maji wanajaza mitungi yao na kuipanga kwenye mikokoteni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Viazi ndivyo hivi vinatoka."

Nilikuwa nimejipangia uongo wangu vizuri. Mimi ni mpita njia, nina njaa, kisha polepole nitamchimba. Akanipa sahani, akaniacha nile viwili, kisha akasema bila kugeuka, "Wewe ni wa hospitali."

Nikakirudisha kiazi sahanini. "Umejuaje, mama?"

"Sauti. Jana ulipiga ukakata. Usiku kucha nimejiuliza ni mgonjwa gani nimemwangusha."

Nikaona haya, na nikiona haya husema kweli. Nikamwambia yote: kwamba nambari yake ina watu arobaini na saba, kwamba wakubwa wanaamini anauza zamu, kwamba kesho saa nne itafungwa na jina lake litapelekwa kwa chifu. Akatoa viazi karaini kimoja kimoja mpaka vikaisha, ndipo akaketi.

"Mimi dalali?" akasema. "Mimi Nyamvula niwauze watu wanaougua?" Akalisukuma bakuli la ukwaju pembeni. "Haya, niambie wewe uliyesoma. Nyumba ina simu ngapi?"

"Moja. Mbili."

"Hapa ni moja. Na hiyo moja inatoka asubuhi na mwenye kutafuta kibarua. Atakaaje bila simu, naye anangoja kuitwa Bamburi kupakia, au Nyali kufua? Aiache akose kazi ya siku nzima? Haya, ameondoka nayo. Mgonjwa amebaki kitandani na maumivu yake. Nyinyi ujumbe wenu mnamtumia nani?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nikiandika nambari za simu za wagonjwa, na haikunipitia akilini kwamba simu ya mgonjwa huenda ikawa Nyali inafua nguo.

Nikamuuliza afanyavyo, na hapo hasira zikampungua, kwa sababu alipenda kuulizwa. Yeye hukaa bandani tangu alfajiri hadi jua linapozama, habanduki. Kwa hivyo watu wakaanza kuandikisha nambari yake. Ujumbe ukiingia, anausoma mwenyewe. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru kanisani. Kisha anatazama mkokoteni gani uko mferejini. Kila muuza maji ana vichochoro vyake, na hakuna nyumba isiyonunua maji. Basi anamwambia: ukifika kwa fulani mwambie saa tisa, aoge, achukue kadi. Na muuza maji akirudi kujaza tena, ni lazima alete jibu.

"Jibu gani?"

"Ametoka, au anavaa, au hayuko. Wakiniambia amelala, naenda mwenyewe."

"Kwa nini aliyelala?"

"Kulala kuna namna nyingi, mwanangu."

Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Griffin ana waya na mitambo chumba kizima, na mama huyu mfumo wake una magurudumu mawili na unavuja maji njiani, na haujampoteza mtu hata mmoja. Nikamuuliza ni nani aliyempa fikra hiyo. Nilidhani atasema mwanawe, au mchungaji.

Akapanga viazi vingine mezani.

"Mwidani, mume wangu. Alikuwa mpasua mawe kule Bamburi. Mwaka wa tisa huu. Kifua kilimbana, tukaja kwenu tukakaa benchi tangu asubuhi. Akataka choo. Nikamshika mkono, tukaenda polepole, maana hakuweza kutembea vingine. Tuliporudi jina limeshaitwa. Nikaenda dirishani kuuliza. Nikaambiwa, nimeita mara tatu mama, rudi nyuma ya foleni." Akanyoosha leso yake. "Tukaonwa jioni. Siku ya tatu akafa. Daktari alisema angekufa tu hata kama tungeonwa mapema. Labda. Mimi si daktari."

Sikuuliza ni nani aliyekuwa dirishani. Sauti yangu ni nene, na zamani ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kuita majina. Nilisifiwa kwayo. Niliita mara tatu kwa pumzi moja, nikaiweka karatasi chini ya rundo, nikachukua nyingine, na nilijiona hodari kwa sababu rundo lilikuwa likipungua. Nikautafuta uso wa Mwidani kichwani mwangu pale pale bandani na sikuupata. Wala wa mama huyu sikuupata. Walikuwa wawili katika maelfu, na hilo liliniuma kuliko kama ningewakumbuka.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Kula viazi vyako, vinapoa."

Simu ikalia shingoni mwake. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa midomo: Kitsao, njoo saa kumi na nusu. Akamwambia muuza maji mmoja mrefu, naye akaondoka na mkokoteni wake. Mama Nyamvula akanieleza kuwa Kitsao ni mtu wa vibarua, ana tumbo tangu jana, asubuhi alikuja kwetu akapewa kijani. Mkewe Kache ndiye aliyetoka na simu. Baada ya robo saa hivi muuza maji akarudi.

"Amelala," akasema.

Mama Nyamvula akafunika karai, akaondoka bila kuaga mtu, nami nikamfuata. Ni vichochoro viwili tu. Chumbani tulimkuta Kitsao amejikunja ukutani, shati limelowa, midomo imemkauka. Alikuwa macho. Hakuwa amelala hata kidogo, ila alikuwa hana nguvu ya kumjibu mtu aliyesimama mlangoni. Mama akaweka kiganja kwenye tumbo lake, na Kitsao akalia kwa sauti iliyonifanya nirudi nyuma. Nami nikaligusa. Lilikuwa limekaza kama ubao.

"Huyu si kijani tena," mama akasema.

Tuktuk haziwezi kuingia kwenye vichochoro vile. Muuza maji akashusha mitungi yake yote njiani, tukamlaza Kitsao kwenye mkokoteni, tukamsukuma hadi barabarani. Mimi, karani wa rekodi, nilikuwa nikipiga kelele watu wapishe. Tulipofika kasualti Sista Dorothy alimpima, na mashine ikatoa nyekundu kabla hajamaliza maswali yake. Akapelekwa kupasuliwa. Daktari aliniambia baadaye kwamba kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na kwamba angengoja hadi asubuhi wasingekuwa na la kumfanyia. Mashine haikukosea asubuhi. Asubuhi alikuwa kijani kweli. Lakini ugonjwa ulikuwa ukitembea kule Mtopanga, na sisi tulikuwa hatuna jicho kule.

Ijumaa saa tatu nilikuwa ofisini kwa Bwana Mwangi, pamoja na Griffin. Nilisema yote, na nilisema kwa sauti ya juu kuliko inayofaa kwa mtu wa cheo changu. Bwana Mwangi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Chengo, nimekuelewa," akasema. "Na huyo mama ni mtu mzuri. Lakini kanuni ni nambari moja, mtu mmoja. Nikimwachia yeye, wiki ijayo atakuja dalali wa kweli na hadithi yake ya viazi. Nitamtambuaje?"

Lilikuwa swali la haki, na lilinikasirisha kwa sababu hiyo hiyo. Nikatazama saa ya ukutani. Griffin alikuwa akibonyeza kompyuta yake mapajani. Kisha akacheka peke yake.

"Bosi, samahani. Mnajua huyu mama ameandikwa ni nani wao?"

Kumbe mtu akitoa nambari isiyo yake, mfumo huuliza mwenye simu ni nani wa mgonjwa. Majibu yaliyomo ni mzazi, mume, mke na mtoto, basi. Sista Dorothy, foleni imemwelemea, alikuwa akibonyeza la kwanza. Kwa hivyo kwa mujibu wa kompyuta yetu, Mama Nyamvula alikuwa amewazaa wote arobaini na saba, pamoja na yule mzee wa miaka themanini na moja. Bwana Mwangi alijaribu kuukaza uso, ukamshinda.

"Sio mashine," Griffin akasema. "Ni sisi. Hatukuweka jirani."

Akaliongeza neno hilo mbele yetu. Haikumchukua hata dakika tano. Bwana Mwangi akaweka masharti yake: kila jirani afike mwenyewe hospitali, apigwe picha na kutia sahihi, na kila mgonjwa aulizwe kwanza kama anamtaka huyo amwitie. Griffin akaongeza lake, ambalo ndilo lililonifurahisha zaidi. Jirani akipata ujumbe anajibu kwa tarakimu: moja, mgonjwa anakuja, mbili, hali imebadilika. Ikija mbili, kengele inalia kwenye tableti ya Sista Dorothy na yeye anapiga simu papo hapo. Saa nne kasoro dakika chache ile amri ya kufunga nambari ikafutwa. Wiki ya kwanza ile mbili ilikuja mara nne, na katika hizo nne mmoja alikuwa mama mjamzito anayetokwa damu. Wote wawili, yeye na mwanawe, wazima.

Mama Nyamvula alikuja kutia sahihi Jumanne iliyofuata, amevaa gauni la kanisani. Sista Dorothy, kwa kuwa yuko pale, akampima presha. Ilikuwa juu. Si ya kumlaza, lakini si ya kuchezea. Mashine ikampa kijani kama mtu yeyote, akaambiwa aende nyumbani angojee kuitwa. Mimi nilikuwa dirishani na watu wengi mbele yangu. Nilimwona tu akizungumza na Sista Dorothy, kisha wote wawili wakanitazama. Nilimpungia mkono. Akaondoka.

Saa saba mchana simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa nikidhani ni mke wangu. Ilikuwa imeandikwa: *Jirani wa Nyamvula, mwambie aje saa tisa.*

Nikaisoma mara mbili. Nikatoka dirishani hadi kwa Sista Dorothy, nikamwonyesha.

"Nilimwambia aandike nambari yake mwenyewe," Dorothy akasema. "Akasema simu yake ni ya watu, ya wagonjwa, haina nafasi ya kuwa yake. Nikamuuliza jirani yake nani basi. Akasema, mwandike yule wa dirishani. Picha na sahihi yako zimo tayari humu."

"Mimi nakaa Bombolulu!"

"Nilimwambia. Akasema anajua kuwa wewe hukai Mtopanga. Akasema kazi ya kuita utaiweza."

Nikampigia. Simu ilikuwa ikitumika. Nikangoja kidogo, nikapiga tena, bado ilikuwa ikitumika. Bila shaka alikuwa akimwitia mtu mwingine. Mstari dirishani kwangu ulikuwa na watu tisa. Nikamwomba Griffin akae mahali pangu, naye alipoanza kulalamika nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nilimkuta amesimama kando ya karai, viazi vimejaa mafutani, simu sikioni. Nikasimama mbele ya meza mpaka akamaliza.

"Mama Nyamvula," nikasema, "unaitwa. Saa tisa."

Akanitazama. Akavitoa viazi vyote, akafunika karai, akaivua leso ya kazi na kuikunja pande nne. Kisha akaanza kuitafuta kadi yake, chini ya meza, kwenye kikapu, kwenye kopo la chumvi. Ilimchukua muda mrefu. Nikavuta kigoda nikakaa, nikamngoja.